Boksi la rangi za maji la 38,000, na mashua iliyotia nanga Mikindani

Kazi yangu ni kuandika, ila si vitabu. Naandika kuta, vibao vya maduka, milango ya magari na majina ya vyombo vya pwani. Ukipita Mtwara mjini ukaona duka bado limechorwa soda na mkate kwa mkono, huenda mkono wenyewe ni wangu. Tangu yaingie mabango ya fleksi kazi imenyauka; tunangojea msimu wa korosho, hela ikishuka kila mwenye kibanda anataka kipendeze. Miezi ya kusi sina kitu. Binti yangu yuko Dar, na anajua baba yake akikaa wiki mbili bila brashi anaanza kugombana hata na kuku wa jirani. Akaninunulia Kariakoo boksi la kuchorea, akalipakia kwenye basi.

Tangu nianze kuonekana nalo, vijana watatu wameniuliza bei na kama linafaa. Bei ni sh. 38,000, na mzigo wa basi sh. 5,000. Kuhusu kufaa, kaeni kwanza.

Mna kasha la bati lenye vidonge 24 vya rangi, kalamu nyeusi moja, brashi mbili za manyoya, brashi ya plastiki ambayo mpini wake unajazwa maji, na kitabu cha karatasi 12 ukubwa wa daftari. Jina la kampuni halipo. Kuna maandishi ya Kichina, na chini yake mstari wa Kiingereza unaosema wino wa kalamu hautoki kwa maji. Mstari huo uwekeni akilini.

Nililibeba hadi Mikindani. Ningeweza kukaa Shangani, au pale kwenye feri ya Msangamkuu, ni karibu na kwangu. Lakini Mikindani vitu vya picha vimekusanyika kama vilivyopangwa: ghuba ya duara iliyotulia kama maji ya beseni, mikoko, mibuyu, nyumba za matumbawe zilizobaki nusu, na juu ya mteremko Boma nyeupe iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Ni kilomita kumi hivi kwa daladala. Wageni hupiga picha kile kibao cha Livingstone, aliyeanzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Mimi nilikaa juu ya gogo chini ya mti wa mkungu, nikitazamana na mashua moja iliyotia nanga, inaitwa Sina Pupa. Naifahamu vizuri. Jina lake nililiandika mimi miaka tisa iliyopita, kwa rangi nyekundu yenye kivuli cheusi.

Kwanza kalamu. Inateleza, ncha yake nyembamba, haikwaruzi, na kwa mtu aliyezoea brashi ya inchi mbili ilikuwa kama kupewa sindano baada ya kulima kwa jembe. Nilichora saa nzima. Mstari wa maji nikaupiga kwa rula, maana bahari ikipinda kidogo tu mtazamaji anahisi kizunguzungu bila kujua kwa nini. Boma nikaihamisha kidogo ili mnara wake uingie nyuma ya mlingoti. Mchoraji ana ruhusa hiyo. Nikachora meno ya juu ya kuta, madirisha, kamba za mashua, hata fundo moja moja. Nikajaza maji kwenye mpini wa brashi, nikachovya buluu, nikagusa anga.

Wino ukatoka. Haukutoka kwa aibu. Ulitoka kama wa pweza aliyechokozwa: wingu jeusi likachomoza kwenye mnara, likateremka mlimani, likafika baharini kabla sijainua mkono. Kulikuwa na mtoto amesimama nyuma yangu tangu asubuhi, hajasema neno. Akasema, "Babu, imeanza kunyesha."

Nikakunja vitu nikarudi nyumbani.

Jioni ile nilifanya nilichopaswa kufanya mapema. Nilichukua kila kalamu iliyomo nyumbani, nikapiga mistari kwenye karatasi moja, nikaiacha ikauke usiku kucha, asubuhi nikapitisha maji. Kalamu ya boksi ilitoka tena, hata baada ya kulala. Kalamu ya jeli ya mjukuu nayo ikatoka. Iliyosimama imara ni Bic ya kawaida, ile ya kuandikia daftari la mikopo dukani, kwa sababu wino wake una mafuta na mafuta hayaelewani na maji. Ukiichorea, kila baada ya mistari michache ifute ncha kwa kitambaa, inapenda kudondosha donge mahali usipotaka. Baadaye binti alituma kalamu moja ya Kijapani, Pigma Micron namba 05, mstari wake ni milimita 0.45. Hiyo ikishakauka haitingishiki. Tofauti iko kwenye wino wenyewe: wino wa kalamu nyingi ni rangi iliyoyeyuka, kama sukari kwenye chai, ukiongeza maji inayeyuka tena. Wino wa kalamu ile ni chembe, kama unga wa mkaa uliosagwa mno, ukishika kwenye karatasi umeshika.

Na kama huna hata senti ya kalamu nyingine, paka rangi kwanza, acha ikauke kabisa, halafu chora mistari juu. Ndivyo nilivyotumia kalamu ya boksi hadi ilipoisha.

Kwa rangi, boksi linajitetea. Sikutegemea. Rangi ya maji ni unga wa rangi uliokandwa kwa gundi ya mti, gundi arabu, ambayo kwa wingi hutoka Sudan kwenye migunga. Ukigusa kidonge kwa brashi mbichi gundi inalainika na rangi inaachia. Kwenye rangi mbovu unasugua hadi brashi inyonyoke nywele. Hizi zinaachia upesi, na buluu yake ile ya kwanza, nzito, inayoitwa altramarini, ni nzuri kweli. Binti alinisimulia kwamba jina hilo maana yake ni ng'ambo ya bahari, kwa kuwa zamani ilisagwa kutoka kwenye jiwe la buluu lililopelekwa Ulaya kutoka Afghanistani. Siku hizi hutengenezwa kiwandani. Ukiichanganya na kahawia ya udongo wa kuchomwa unapata kijivu cha wingu la mvua, na ukizidisha kahawia unapata tope la Mikindani lenyewe, lile la maji yakipwa. Kati ya rangi 24 nimetumia sita. Vijani viwili vilivyomo ni vya bendera, mkoko wowote utavikataa. Chukua buluu na manjano ya udongo, ndiyo mikoko hiyo.

Kuna kidonge cheupe. Kitoeni mkitupe.

Hapo ndipo nilipoadhibiwa zaidi, na hakuna aliyenionya. Sisi wa rangi za mafuta tumezoea kufunika. Umekosea herufi, unangoja ikauke, unapiga koti nyingine juu, nani atajua? Nyeupe ndiyo ya mwisho, ndiyo inayong'arisha. Hata Edward Saidi Tingatinga, mtu wa huku kusini, wa Tunduru, aliyeanza uchoraji wake Dar mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta kwenye ubao: koti juu ya koti, inang'aa. Rangi ya maji haifuniki kitu. Ni kioo cha rangi. Unachokiona cheupe ni karatasi yenyewe inayotazama kupitia rangi. Maana yake Boma nyeupe huipaki. Unapaka mbingu kuizunguka, unapaka mti ulio kando yake, unapaka kivuli cha dirisha, na Boma inabaki pale ambapo hukugusa. Mara ya kwanza niliipaka Boma kwa kile kidonge cheupe na ikawa kama imepakwa uji. Mara ya tatu niliizunguka tu kwa anga, brashi ikipita kando ya kila jino la ukuta, nimebana pumzi kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Nilipoinua kichwa, jengo lilikuwa limesimama lenyewe kwenye jua. Miaka thelathini ya brashi, na sijawahi kupata nyeupe ya namna ile kutoka kwenye kopo.

Mistari ya povu ufukweni niliiokoa kwa mshumaa: unachora povu kwa ncha ya mshumaa mkavu, rangi ikipita juu inaikimbia nta. Na chumvi. Punje chache za chumvi ya mawe juu ya rangi ya bahari ingali mbichi zinanyonya maji na kuacha vijinyota. Chumvi huku kwetu haina bei, chukueni mjaribu, lakini msiendekeze. Picha yangu ya pili bahari yake ina surua.

Brashi ya mpini wa maji ni ya safarini, inafaa kwa madirisha na kamba. Kwa anga haifai, maji yanatoka tone tone na anga linapata mabaka kama shati lililokauka vibaya. Nilinunua brashi bapa ya inchi moja, mpya. Msijaribu kutumia iliyowahi kuonja thina, hata ukiifua kwa sabuni mara tano bado karatasi inaijua.

Karatasi ndiyo kilio changu. Kile kitabu kimeandikwa gramu 160, ndio uzito wa karatasi kwa mita ya mraba, na kwa rangi ya maji hiyo ni ngozi ya kitunguu. Ukiweka maji ya anga, inajikunja. Maji yanakimbilia mabondeni, yanakusanyika, yanakauka na kuacha pete. Ukirudia brashi mahali pamoja mara tatu, vinatoka vinyuzi vidogo kama makombo ya kifutio. Nilidhani tatizo ni mkono wangu. Nikabana karatasi kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi pande zote nne, ikasaidia kidogo, bado vilima vikainuka katikati. Nilikuwa nimeshaamua kwamba mimi na rangi za maji basi.

Ndipo binti akatuma shiti moja ya karatasi ya Kifaransa, Arches, gramu 300, ya pamba tupu. Bei yake sitaitaja, mama yao anasoma. Shiti moja ni sentimita 56 kwa 76. Niliikata vipande vinane vya 28 kwa 19 kwa wembe na rula ya chuma, jasho likinitoka. Kipande cha kwanza nilikiogopa siku mbili. Cha pili nilikwenda nacho Mikindani alfajiri, rangi zile zile za boksi, brashi ile ile ya inchi moja. Nikapitisha maji, nikaangusha buluu, ikatambaa taratibu, ikafifia yenyewe kuelekea chini kama anga linavyofanya. Karatasi ilitulia. Nikakosea wingu, nikalinyonya kwa kitambaa, likatoka! Kumbe miezi yote ile nilikuwa nagombana na karatasi, mkono wangu hauna kesi. Kwa hiyo kijana ukiwa na 38,000 yako, ushauri wangu ni huu: usinunue boksi zima. Tafuta vidonge sita vya rangi, Bic mbili, na hela yote iliyobaki iende kwenye karatasi, hata ukipata vipande vitatu tu.

Mambo mengine ya huku pwani ambayo boksi halisemi. Kiganja chenye jasho kikilala kwenye karatasi kinaacha mafuta, na rangi inapakataa mahali pale, utaona alama ya kiganja angani kama malaika kapapasa. Weka kitambaa chini ya mkono. Msifunge boksi likiwa bichi. Mimi nililifunga na maji yake, nikaliacha wiki nzima kabatini. Kufungua, vidonge vitatu vimeota ukungu wenye manyoya. Niliukwangua kwa kisu, nikaanika bati kivulini, vikapona.

Sasa jua, hapo boksi linastahili ukali kidogo. Nilipaka mistari ya rangi zote 24, nusu nikaifunika kwa boksi la dawa ya mbu, nikabandika dirishani kwenye jua la mchana kwa wiki sita. Buluu, kahawia na manjano ya udongo hazikubadilika hata chembe. Waridi na zambarau ziliondoka zote mbili. Kwenye picha yangu ya kwanza iliyofaulu nilikuwa nimemchora mama mmoja anateremka pwani na ndoo, kanga ya waridi. Picha ilikaa ukutani sebuleni, karibu na mlango. Sasa mama yule amevaa sanda.

Nirudi kwenye mashua. Tatizo la kuchora kitu kilicho majini ni kwamba maji hayakungoji. Nilianza saa moja asubuhi Sina Pupa ikielea, maji yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Nilivyokuwa nazunguka na Boma, na kalamu, na kunywa chai, na kuzungumza na muuza mihogo, nageuka kumalizia kivuli cha chombo kwenye maji: hakuna maji. Mashua imepwelewa, imelala ubavu kwenye tope, kunguru anatembea chini yake. Kivuli nilikichora kwa kumbukumbu. Na kwa kuwa chombo kilicholala hakina uzuri, nikakiongezea tanga limejaa upepo, ili kivutie.

Nahodha wake akatokea, mzee wa makamo, kofia ya kitambaa, kaptura imelowa.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba. Tuone." Akashika karatasi kwa ncha za vidole, mbali na macho, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Fundi, upepo wako unatoka wapi?"

Nikamwonyesha kulia.

"Na minazi hii mbona imelalia kulia?"

Nikakaa kimya.

"Halafu chombo kimetia nanga, kamba ya nanga hii hapa umeichora vizuri kabisa. Tanga nalo lipo juu limejaa. Kinakwenda wapi?"

Kila anayefikiria kuchora vyombo vya pwani, mwonyeshe picha mtu wa chombo kabla hujamwonyesha mtu mwingine. Watu wa Dar waliopewa picha ile kwa simu walisema imependeza. Nahodha yule kwa dakika mbili alinitoa makosa manne, na la tatu lilikuwa foromali, ule mti unaobeba tanga, niliifunga kwenye mlingoti chini mno, akasema kwa namna ile ningebeba tanga la mtoto. Alisema bila dharau, kama anayekagua kamba. Nikachora upya kwenye kipande cha tano: tanga limekunjwa, foromali imelazwa, minazi imelalia kule upepo wa kusi unakokwenda, mashua imelala kwenye tope kama ilivyokuwa. Na niwaambie, chombo kilichopwelewa kina uzuri wake. Ukimaliza kivuli cha tumbo lake kwa ile kijivu ya buluu na kahawia, kikiwa kibichi ukadondosha kahawia tupu upande wa tope, rangi zinaingiana zenyewe. Hapo kalamu isiguse. Mistari michache tu kwenye omo, yaani mbele ya chombo, kwenye usukani, na kamba ya nanga ikiwa imelegea ardhini. Nilikuwa nataka kuchora kila ubao. Niliacha, na ubao unaonekana.

Wiki iliyopita nikampelekea. Alikuwa ameketi kwenye ukuta pale karibu na soko la zamani, anashona jarife, wavu wake. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa namna ya kukubali, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha akaweka kidole kwenye omo.

"Jina liko wapi?"

"Nahodha, nimechora ninachokiona. Jina halisomeki. Nimeona S, nimeona P mbili, basi."

Akanyanyuka, akatembea hadi ukingoni, akaitazama mashua yake kama aliyeletewa habari. Chumvi na jua la miaka tisa limekula nyekundu yote, kimebaki kivuli cheusi hapa na pale. Akarudi, akaniuliza kopo la rangi ya mafuta sasa hivi linauzwaje, na kama bado ninayo ile nyekundu.

Nimemtajia elfu ishirini, herufi kubwa, pande zote mbili, na kivuli. Amesema elfu kumi na tano na samaki wawili, changu. Kesho maji yanapwa saa tatu, nakwenda na thina.